Sahani ya jirani bado iko kabatini kwangu

Wasomaji wangu, mwezi huu barua za ndoa na za mashemeji nimeziweka kando kidogo, zitarudi. Nimechagua tatu tu na zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, nimekaa nazo muda mrefu kuliko kawaida maana suala lenyewe ni Israeli na Palestina, na hapa Nairobi limeingia hadi kwa matatu, hii ina bendera moja nyuma na ile ina nyingine, na watu ambao hawajawahi kukanyaga huko hata siku moja hawaongeleshani.

SWALI

Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi South B, na nina jirani mlango kwa mlango, ni Muislamu, tumekaa naye miaka 11. Watoto wangu wamekula kwake kuliko wanavyokula kwangu, na nilipojifungua wa pili kwa upasuaji yeye ndo alikuwa ananiogeshea mtoto. Sasa ile Oktoba 2023 Hamas, wapiganaji wa Kipalestina, walipoingia Israeli wakaua watu, pasta wetu alisema tuombee Israeli, nami nikaweka bendera ya Israeli kwa stetasi. Yeye siku chache baadaye akaanza kuweka watoto wa Gaza, wamefunikwa vumbi, wengine wamekufa, kila siku kila siku, nikachoka nikamwandikia "na wale waliotekwa je, hao si watu?" Akanijibu neno moja, "sawa". Tangu hapo ni salamu za kwa ngazi tu, Eid zimepita hakuna kitu. Na kinachonisumbua zaidi, nina sahani yake, ile kubwa nyeupe yenye maua ya bluu, aliniletea biriani kabla haya yote kuanza na unajua sahani ya mtu hairudishwi tupu, nikawa nangoja nipike kitu, sasa iko kabatini mwangu zaidi ya miaka miwili na kila nikifungua kabati naiona. Nikimwomba msamaha si itakuwa ni kama nimekubali wale waliouawa walistahili? Na Biblia si imesema atakayembariki Israeli atabarikiwa?
– Mama Wawili, South B

JIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na lile la msamaha kwa sababu naona ndo linakunyima usingizi. Hapana, haimaanishi hivo. Siku ile ya 7 Oktoba waliuawa watu wapatao 1,200, wengi wao raia, wengine wakiwa kwa sherehe ya muziki, wengine ndani ya nyumba zao, na wengine karibu 250 wakachukuliwa mateka hadi Gaza. Kati ya waliokufa kulikuwa na vijana wawili wa hapa jirani tu, Watanzania, walikuwa wameenda kusomea kilimo. Na kulikuwa na mama anaitwa Vivian Silver, miaka 74, mkaaji wa Kibbutz Be'eri, kijiji cha Israeli karibu na Gaza, ambaye alikuwa akijitolea kuwabeba na gari wagonjwa wa Gaza, wakiwemo watoto, kuwapeleka hospitali za Israeli. Watu walidhani ametekwa, wiki zikapita, ikaja kujulikana kwamba aliuawa siku ile ile pale kwake. Kuwalilia hawa hukukosea na hakuna mtu anakudai uwaache.

Alafu sasa jirani yako. Kufikia Agosti 2025 wizara ya afya ya Gaza ilikuwa imehesabu waliouawa zaidi ya 60,000, na maelfu kwa maelfu ya hao ni watoto. Uwanja wa Kasarani ukijaa pomoni hawatoshi. Yeye alikuwa anawaona hao watoto asubuhi kwa simu kabla hata chai haijachemka, na ulipomwandikia "na wale waliotekwa je" alichosikia ni kwamba afute machozi kwanza ndo umsikilize. Nyote wawili mlikuwa kilioni, kila mmoja akaona kilio cha mwenzake ni tusi kwake.

Na nitasema kitu kingine hata kama kitauma. Yeye aliweka nyuso, wewe uliweka bendera. Bendera haina macho. Kama ungeweka picha ya mama mmoja wa Be'eri ukaandika huyu alikuwa anapeleka watoto wa Gaza hospitali, nadhani jirani yako angesimama akaisoma, na pengine angekuja kugonga mlango. Sikulaumu, kanisani mlipewa bendera na mkaipeperusha kwa nia njema, lakini kitambaa kile kile ndo kinapepea kwa vifaru na jirani yako anaviona.

Naongea hivi kwa sababu ya jambo lililonipata mwenyewe na ambalo sijawahi kuliandika hapa. Mwaka wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nlikuwa naishi Huruma. Tarehe 1 Januari tukasikia kanisa limechomwa Kiambaa kule karibu na Eldoret, watu wamo ndani, akina mama na watoto, watu wa upande wangu, nikalia hadi nikakosa sauti. Mwisho wa mwezi ule ule nikasikia redioni Naivasha watu 19 wamefungiwa ndani ya nyumba ikachomwa, wa upande ule mwingine, na machozi hayakuja. Nilingoja yaje. Nlikuwa nakatakata sukuma wiki na nikaendelea kukatakata, na ndani yangu kuna kitu kikasema sasa nao wameonja. Ni kisu tu ndo nakumbuka, na mkono wangu ukiendelea. Nikashtuka sana, nikajiogopa, kwa sababu wiki tatu kabla ya hapo ni familia ya upande huo huo mwingine ndo ilinificha usiku mbili, nyumba ya chumba kimoja, baba alilala mlangoni na mimi na watoto wake tukalala chini ya kitanda, na hata mfereji tulikuwa tunatumia mmoja. Siku iliyofuata nikasikia baba yule amefiwa na binamu, ni mmoja wa wale wa Naivasha. Nikabeba pakiti mbili za unga na sukari nikaenda. Sikuwa na la kusema na sikusema, nilikaa tu kwa stuli karibu na mlango, na mke wake akaniletea chai.

Kwa hivyo ukiniuliza kuona utu wa watu wa pande zote ni nini, kwangu mimi ni hiyo stuli. Kujua nani alikosa haikuhitajika kwanza, hiyo ilikuwa na wakati wake, hata Tume ya Waki, ile iliyochunguza ghasia zile, ikaja ikahesabu wafu 1,133 na kueleza vile mambo yalivyokuwa. Lakini ile siku kulikuwa na mtu amefiwa.

Na usidhani hiyo vita ya huko iko mbali na sisi. Mwaka wa 1903 serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi ardhi hapa hapa, nyanda za Uasin Gishu, ndo watu wanauita mpango wa Uganda lakini ni Kenya hii. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa wanachinjwa, mwaka huo huo kulikuwa na mauaji Kishinev, walihitaji kweli mahali pa kukimbilia, hilo si uongo. Na Waingereza waliigawa hiyo ardhi kana kwamba Wanandi na Wamaasai si wenyewe. Kongamano la Wazayuni, Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi yao wenyewe, likakataa mwaka wa 1905 na mpango ukafa. Lakini hebu fikiria ungekubaliwa, leo mimi na wewe tungekuwa tunasema nini, na tungekuwa upande gani, na yule bibi aliyekimbia Kishinev na mtoto mgongoni akishuka Eldoret angekuwa na kosa gani, na mzee Mnandi aliyeamka akakuta ua limepita katikati ya malisho yake naye je. Mimi nikifikiria hiyo nakaa kimya.

Kuhusu ule mstari wako wa kumbariki Israeli, Mwanzo 12:3, ombea Israeli, usiache. Lakini ujue kwamba Bethlehemu yenyewe iko kwa Wapalestina, na kuna Wapalestina Wakristo ambao mababu zao walikuwa wanasali kabla misheni ya kwanza haijafika Rabai. Kanisa la Mtakatifu Porphyrius huko Gaza, moja ya makanisa ya zamani sana duniani, lilishambuliwa Oktoba 2023 likiwa limejaa watu waliokimbilia humo. Hao nao uliwaombea? Pengine hukuwajua, sasa umewajua.

Sahani basi. Usipike kitu kikubwa, biriani usijaribu hata. Pika chapati zako, nane au kumi, ziweke zikiwa bado moto, funika na kitambaa, uende saa ile watoto wake wametoka madrasa ili mlango ufunguliwe haraka. Usianze na kueleza, na mstari wa Biblia uache nyumbani. Mwambie tu "nimekaa na sahani yako muda mrefu, nisamehe, na wale watoto uliokuwa unaniwekea niliwaona." Hiyo ya mwisho usiiruke. Akitaka kulia mwache alie, akikwambia maneno makali pokea, ana miaka miwili ya maneno. Yeye naye atafika kwa wale waliotekwa, ila usimsukume, na usimngojee mlangoni.

SWALI

Asalaam aleikum Shangazi. Mi nasoma ukurasa wako kila mwezi na mamangu. Najua utasema ati tuone pande zote mbili na tafadhali naomba usiseme hivo kwa sababu inaniudhi sana. Mmoja ana ndege za kivita na mwingine ana mawe, mmoja ana nchi na mwingine amenyang'anywa, sasa hapo pande zote ni gani? Ukiona mtu anapigwa na jitu la miraba minne unasema wote wawili wana maumivu? Kwangu mimi hayo ni maneno ya waoga. Niko tayari unijibu ukali.
– Kijana wa Eastleigh

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu, sitakujibu kwa ukali kwa sababu sehemu kubwa ya ulichosema nakubaliana nawe. Nguvu si sawa. Mwaka wa 1948 Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa makwao na hawakuruhusiwa kurudi, na tangu 1967 Ukingo wa Magharibi uko chini ya jeshi la Israeli, mtu anazaliwa anazeeka akipita vizuizi vya wanajeshi. Mtu akikwambia uone utu wa Waisraeli ili unyamaze juu ya hayo, huyo mkatae, nami nitamkataa.

Lakini wewe ni wa Eastleigh, na nadhani hata kama ulikuwa mdogo unaikumbuka Aprili 2014. Ile operesheni ya polisi ya Usalama Watch. Mabomu yalilipuliwa na watu wachache waliojificha, na walioamshwa usiku ni mtaa mzima, maelfu ya Wasomali wakabebwa na malori, wengine wakawekwa uwanja wa Kasarani, wazee, akina mama na watoto wachanga, wenye vitambulisho na wasio navyo. Kwa wiki zile Msomali wa Nairobi hakuwa mtu mwenye jina na duka la vitambaa na mtoto anayefanya mtihani, alikuwa sura moja tu. Walioumia kwa lile shambulio la duka la Westgate walikuwa na maumivu ya kweli, watu 67 walikufa pale, na ni maumivu hayo hayo ndo yalitumika kukuonyesha wewe kama adui. Unaijua ladha yake. Sasa mama wa Tel Aviv ambaye mwanawe hakuomba vita ukimfanya naye sura moja, unakuwa umekula kutoka chungu kile kile kilichokuunguza.

Kuna wanaume wawili nataka uwajue. Bassam Aramin ni Mpalestina, alifungwa jela ya Israeli akiwa na miaka 17 akakaa miaka saba, na humo ndani akaona filamu juu ya mauaji ya Wayahudi huko Ulaya, alidhani atafurahi kuwaona wanauawa akajikuta analia. Mwaka wa 2007 binti yake Abir, miaka 10, alikuwa ametoka dukani kununua peremende karibu na shule yao Anata, askari wa mpakani akampiga risasi ya mpira kisogoni, akafa. Mwenzake ni Rami Elhanan, Myahudi wa Yerusalemu, babake alinusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Manazi. Binti yake Smadar, bado ni msichana wa shule, aliuawa Septemba 1997 barabara ya Ben Yehuda na washambuliaji wa kujilipua, Wapalestina, alikuwa ametoka na marafiki. Hawa wawili leo ni kama ndugu, wanazunguka pamoja kwa mashule na makumbi wakiongea, wako ndani ya chama cha familia zilizofiwa pande zote mbili kilichoanzishwa na mzazi mmoja Muisraeli mwaka wa 1995 baada ya mwanawe kuuawa na Hamas. Na Bassam baadaye akaenda Uingereza, Bradford, kusomea hayo mauaji ya Wayahudi hadi shahada ya uzamili.

Sasa nikuulize, hao ni waoga? Rami hasemi nguvu ni sawa. Anasimama mbele ya Waisraeli wenzake na kuwaambia wazi ukaliaji wa ardhi ya Wapalestina lazima uishe, wanamzomea, wanamwita msaliti, na bado anarudi. Bassam alipeleka kesi ya bintiye mahakamani na mahakama ya Israeli ikaamua serikali ndo ya kulaumiwa. Haki hawakuiacha hata kidogo. Kitu walichokataa ni kimoja tu, kwamba mtoto wa mwingine awe fidia ya mtoto wake.

Kwa hivyo nenda kwa maandamano yako, piga kelele, andika kwa wabunge, changa dawa. Ila siku ukiona video ya mateka anatolewa amekonda mifupa na mtu chini yake ameandika maneno ya kucheka, usicheke nao mwanangu. Hata kama hakuna anayekuona. Na mamako msalimie.

SWALI

Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku karibu na Mukuru, nafundisha Gredi ya 6. Watoto wanachora bendera kwa madawati na juzi wawili wamepigana ngumi juu ya hii vita na nina hakika hakuna aliyeweza kuonyesha Gaza kwa ramani. Nianzie wapi na watoto wa miaka kumi na moja?
– Mwalimu, Embakasi

JIBU

Mwalimu, usianze na ramani, na usianze na 1947 na kura ya Umoja wa Mataifa ya kuigawa Palestina, utawapoteza.

Wale watoto wako ni wa Mukuru, wengi wameona tingatinga. Ile bomoabomoa ya 2021 ya Mukuru kwa Njenga walikuwa wadogo lakini wengine waliilalia nje na mvua. Waulize tu, ukiambiwa una saa moja utoke nyumbani na pengine hutarudi, utabeba nini? Waandike. Wape dakika kumi.

Wakimaliza kuandika ndo uwaambie juu ya mzee wa Kipalestina aliyetoka kwake 1948 akafunga mlango akaondoka na ufunguo akijua ni siku chache tu, na ufunguo ule sasa uko kwa mjukuu kambini, umeshika kutu, nyumba yenyewe hawajaiona tena. Ziko familia nyingi sana zenye funguo hizo. Alafu uwaambie juu ya bibi Myahudi wa Baghdad huko Iraki, nchi ambayo Wayahudi walikaa zaidi ya miaka elfu mbili, lugha yake Kiarabu, mapishi yake ya Kiarabu, naye 1951 akapanda ndege na sanduku lake moja, na mali iliyobaki serikali ya Iraki ikaifunga. Waliondoka hivo zaidi ya 120,000 kwa muda wa kama mwaka mmoja. Na bibi mwingine alitoka Poland, huyo hakubeba kitu kwa sababu hakukuwa na mtu wa nyumbani kwao aliyebaki hai, Wayahudi milioni sita waliuawa na Manazi. Wote hao watatu wakaja kuwa kwa hadithi moja ya kipande kidogo cha ardhi.

Usiwaambie ni nani mbaya siku hiyo. Watakuuliza, watoto huuliza hivo, na unaweza kuwaambia mambo yaliyofanywa na ni akina nani waliyafanya, usifiche, ila kipindi kijacho. Na wale wawili waliopigana wakae dawati moja, kila mmoja asome kwa sauti karatasi ya mwenzake, si yake. Mimi nilimfanyia hivi mpwa wangu na rafiki yake, mmoja alikuwa ameandika atabeba paka, na mwingine akaanza kumuuliza paka anaitwaje.

Uniandikie walichosema watoto. Nataka sana kujua wamebeba nini.